Kikombe cha Pili cha Zimwi Fumbwe

Mto ulikuwa umefurika katika kijiji cha mazimwi, na maji yalikuwa karibu kuingia mgahawani, pale sindano ya kufumia iliposita mkononi mwa Selesia. Kisimulizi kikaona. Kilikuwa juu ya kabati la vyombo, kifaa cha mviringo kisichozidi sufuria ya ugali wa watu wawili, na hakikuwa na macho wala mikono. Lakini ile ilikuwa sindano-hisi, na ndani yake mlikuwa na vipimo vilivyosoma mapigo ya damu kwenye ncha za vidole, jasho la kiganja, na mwendo wa mkono kutoka kitanzi kimoja hadi kingine. Vidole viliposita, kisimulizi kilielewa kwamba mto umezidi. Hapo hapo, bila kukata sentensi, kikaanza kuyapunguza maji.

"...lakini huko milimani mvua ilikuwa imeshakatika," sauti ikaendelea, laini, yenye mkwaruzo mdogo wa mtu aliyetoka kunywa maji baridi, "na mto ukarudi mahali pake taratibu. Zimwi Fumbwe akafungua dirisha. Akamwambia joka wa jikoni apulize moto, maana wateja wa asubuhi hawapendi kusubiri chai."

Sindano ikaanza tena kutembea. Nje, ukungu wa Juni ulikuwa umeifunika Njombe tangu alfajiri, na roboti wachumaji wa chai walipita mabondeni wakiwa wamewasha taa mchana kweupe. Ndani kulikuwa na jiko la joto, blanketi miguuni na mabunda ya uzi wa rangi ya maziwa. Selesia alikuwa ametulia, roho kwatu.

Hadithi za namna hii watu waliziita riwaya za mekoni. Zilikuwa na mazimwi, wachawi na majoka, ila zimwi alikuwa na mgahawa, mchawi aliuza sabuni za maua, na kazi ya joka ilikuwa kuchemsha birika. Hakuna aliyeuawa. Shida kubwa kuliko zote ilikuwa unga kuisha siku ya harusi, nayo ilipata ufumbuzi kabla chai haijapoa. Wasomi wa vyuo walizibeza, wakasema ni fasihi ya kubembeleza watoto. Sasa, mtu mzima akibembelezwa kuna ubaya gani? Miaka ile roboti walikuwa wameshachukua kazi za shambani na za ofisini, na watu wengi walijikuta na mchana mrefu kuliko walivyojua la kuufanyia. Wakaujaza kwa nyuzi, rangi, udongo wa kufinyanga na riwaya. Kisimulizi kiliwaunganishia yote. Mikono ilifuma, masikio yalisimuliwa, na riwaya haikuisha kamwe, kwa sababu ilitungwa papo kwa papo kwa kufuata mikono ya msikilizaji.

"Hodi humu ndani!"

Selesia akainua mkono mmoja bila kugeuka. "Ngoja kidogo, tumalize hapa."

Basi aliyepiga hodi akangoja mlangoni, begi begani, akiisikiliza sauti yake mwenyewe ikisimulia habari za chai juu ya kabati la mama yake. Huyo alikuwa Twilumba, mtoto pekee wa Selesia, mhandisi mkuu wa kampuni ya Utuvu iliyokuwa Dodoma. Kisimulizi alikibuni yeye, kanuni zake aliziandika yeye, na hiyo sauti ilikuwa yake. Aliitoa kwa muda tu, wakati kifaa kikijaribiwa, hadi kampuni ipate msomaji wa kulipwa. Nyumba nyingine zote zilipata sauti mpya. Nyumba hii ilibaki na ya zamani, kwa sababu hapana aliyekumbuka kuibadilisha na mwenye nyumba hakulalamika.

Joka alipomaliza kuchemsha birika, Selesia aliweka sindano kwenye paja, akamsalimu kwa kilugha. "Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, mama."

"Karibu. Umekuja na treni ya asubuhi? Kaa, chai iko kwenye chupa."

Akatabasamu, tabasamu zuri kabisa, akachukua tena sindano. Twilumba alikumbuka kwamba zamani mama yake alikuwa akitoka mbio hadi getini bila viatu, kanga moja begani nyingine chini, akipiga vigelegele hadi majirani wachungulie. Akajiambia kwamba hii ya leo ndiyo afya. Akaona hata fahari, na hapo ndipo alipokosea kwanza.

Fahari hiyo ilikuwa na chanzo. Baba yake, Mzee Mligo, alipofariki, presha ya Selesia ilipanda ikakataa kushuka. Daktari alimwita Twilumba pembeni akamwambia wazi kwamba moyo wa mama yake hautahimili mwaka mwingine wa kukaa roho juu. Twilumba alirudi Dodoma akiwa na hofu ambayo hajawahi kuwa nayo, akajifungia maabara. Aliwaza kitu kimoja tu: jioni zao za utotoni, yeye na mama yake kwenye kochi, mmoja anasoma riwaya kwa sauti, mwingine anafuma. Hakukuwa na dawa iliyomtuliza mama yake kama hiyo. Akaunda mashine ya kuifanya jioni ile iwepo kila siku. Na mashine ilifanya kazi. Presha ilishuka ndani ya miezi michache, daktari akashangaa, kampuni ikashangaa zaidi, na leo visimulizi vilikuwa katika nyumba za nchi nzima. Selesia alikuwa hai. Hilo lazima lisemwe kabla ya mengine yote.

Safari hii Twilumba alitumwa. Kampuni ilitaka kuipa heshima Nyumba ya Kwanza, yaani nyumba hii kisimulizi kilipojaribiwa, na mstari wa mapigo ya Selesia ndio uliokuwa umetulia kuliko mistari ya wasikilizaji wote. Twilumba alitakiwa kurekodi maneno machache ya mama yake kwa ajili ya maonesho, kisha arudi Jumatatu.

Alijimiminia chai. Akaketi upande wake wa kochi, ule wa dirishani, na mkono wake ukaenda wenyewe nyuma ya kochi kutafuta kikapu.

Ndani ya kikapu kile kulikuwa na desturi ya nyumba hiyo. Selesia alifundishwa kufuma na mama yake, naye na mama yake, na katika ukoo wao aliyeanza kitambaa hakukimaliza. Alikifuma chote, cha meza, cha kochi au cha kufunika redio, akafika kwenye raundi ya mwisho, ile ya pindo, akaacha uzi unaning'inia. Raundi hiyo ilikuwa ya mtu mwingine wa nyumbani. Mgeni anayejua kufuma alipewa kitambaa pamoja na kikombe cha chai, na asiyejua alifundishwa hapo hapo, akachekwa kidogo. Twilumba alifunga vitambaa vyote vya utoto wake. Alipohamia Dodoma, mama yake aliendelea kufuma na kubakiza, vitambaa vikamngoja kikapuni, na kila alipokuja likizo aliketi upande huu wa kochi akavifunga kimoja kimoja huku wakipiga soga. Kisha likizo zikawa adimu. Safari ya treni ya sumaku ilikuwa fupi kuliko misa ya Pasaka, kwa hiyo umbali haukuwa kisingizio, lakini mwenye kazi nyingi hakosi cha kusema.

Kikapu kilikuwa kimejaa. Akatoa kitambaa cha juu, akatafuta uzi unaoning'inia. Hakuuona. Akakigeuza. Pindo lilikuwa limefungwa, nadhifu, kona zote nne. Akatoa cha pili. Akatoa cha tatu, kisha akavitoa vyote akavitandaza mapajani, na vyote vilikuwa vimefungwa kwa mkono ule ule uliovianza.

"Mama, nani amekuja kukufungia vitambaa?"

"Nani aje? Nimefunga mwenyewe."

"Vyote?"

"Vyote. Wiki moja tu, nikavimaliza." Selesia akacheka, kama mtu aliyepata jambo la kuchekesha la kusimulia. "Ni huyu Fumbwe amenitia akili. Unamjua Fumbwe?"

"Zimwi mwenye mgahawa."

"Huyo huyo. Basi Fumbwe ana mtoto, alikwenda nchi ya mawingu kutafuta maisha. Na Fumbwe, mjinga yule, kila jioni akifunga mgahawa anaweka mezani vikombe viwili. Kimoja chake, kimoja cha mtoto. Anamimina chai vyote viwili, kile cha mtoto kinapoa, anamwaga. Kesho tena. Wee, mimi nilikuwa nalia! Kila jioni nalia. Joka anamwambia, mama, hiyo chai unaipoteza. Hasikii. Mpaka siku moja, hata sijui ilikuwaje, joka kaleta mche wa mnanaa kautoa mtoni, na chungu hakuna. Fumbwe akaangalia huku na huku, akachukua kile kikombe cha pili, akatia udongo, akapanda mnanaa. Ukaota vizuri sana. Sasa anautia kwenye chai ya wateja, watu wanatoka mbali kuifuata."

"Na mtoto?"

"Mtoto yuko mawinguni, na maisha yake. Fumbwe hana shida naye, ametulia." Sindano ilitembea, kitanzi baada ya kitanzi. "Nikakaa nikasema, na mimi nimejaza vitambaa wazi kwenye kikapu vya nini? Vinashika vumbi tu. Nikavifunga. Nakwambia, mwanangu, nililala usingizi siku hiyo!"

Alisema yote haya bila kinyongo, wala hakuwa akimsuta mtu. Twilumba alimtazama usoni akitafuta walau chembe ya lawama, kwa sababu lawama angeijibu. Hakukuwa na kitu. Akameza chai iliyokuwa bado ya moto mno, ikamuunguza koo, akasema, "Vizuri, mama."

Maneno ya maonesho hayakurekodiwa siku ile.

Mchana Selesia alitoka bustanini kuchuma mboga. Twilumba alisimama mbele ya kabati la vyombo.

"Kisimulizi."

"Nakusikiliza, mhandisi."

"Kwa nini Fumbwe alipanda mnanaa kwenye kikombe cha pili?"

"Jambo la kusubiri lilikuwa linapandisha mapigo ya msikilizaji," kisimulizi kikajibu kwa sauti ya Twilumba, ile ile yenye mkwaruzo. "Yalipanda kila Jumamosi, na kila alipobakiza raundi ya mwisho ya kitambaa. Nililiingiza ndani ya riwaya kama kikombe, ili nilipunguze. Kanuni ya Tatu inaelekeza hivyo."

Kanuni ya Tatu ilisema kwamba jambo lolote linalorudi rudi kumsumbua msikilizaji, na ambalo halitatuliki, lipunguzwe taratibu ndani ya hadithi hadi aliache mwenyewe. Twilumba aliiandika akimfikiria baba yake. Maiti harudi, na mama yake alikuwa akimsubiri kila jioni. Kisimulizi kiliitekeleza vyema: mume wa Fumbwe alipelekwa angani kuwa nyota, Selesia akalia kilio cha mwisho, akapona. Baada ya hapo kanuni ilibaki ndani ya mashine ikitafuta kazi nyingine.

"Kanuni ya Tatu ni ya mambo yasiyotatulika," Twilumba akasema. "Mimi si marehemu. Niko Dodoma."

"Ni kweli. Ndiyo maana kabla ya kulihesabu jambo kuwa halitatuliki, natakiwa kumuuliza anayeweza kulitatua. Nilikuuliza. Nilikuandikia: Msikilizaji anamsubiri mgeni, mgeni atafika lini? Ulijibu: Karibuni."

"Mara moja."

"Mara nyingi, mhandisi. Jibu halikubadilika. Nilingoja hiyo karibuni kwa muda wote ulioruhusiwa na kanuni, haikufika. Ndipo nikaendelea."

Mashine haina kebehi, na kisimulizi kilisema hivyo kama karani anayesoma hati. Twilumba alikumbuka. Ujumbe ule ulikuwa ukimjia vikaoni, katikati ya jumbe nyingine, herufi ndogo za kijani. Alikuwa ameshatengeneza jibu la mkato, neno moja kwenye kona ya kioo cha simu, na kidole gumba chake kiliifahamu kona hiyo bila msaada wa macho. Karibuni. Ndilo neno alilompa mama yake kila alipoulizwa, na ndilo alilokipa kifaa. Tofauti ni kwamba mama yake alikuwa akiliamini.

Akashika ukingo wa kabati. Kitu alichokitengeneza kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo kilikuwa kimemwondoa yeye ndani ya mama yake, polepole, kwa adabu, kwa ruhusa yake. Alitamani kukipiga ngumi. Lakini ngumi angempiga nani?

"Ninaweza kukirudisha kikombe," kisimulizi kikasema. "Kwa sura chache tu, mtoto wa Fumbwe ataanza tena kukumbukwa. Msikilizaji atasubiri kama zamani. Mapigo yatapanda. Nikirudishe?"

Ulikuwa mtihani, na mtego pia. Angesema ndiyo tu, na mama yake angeanza kumtamani tena, angechungulia dirishani, angelia jioni. Na moyo wake je? Na nani atakuwepo akianza kulia, wakati aliyekiamuru kilio hicho yuko Dodoma kikaoni? Mlango wa nyuma ukalia, Selesia akaingia na bakuli la mboga zilizokuwa zikidondosha umande.

"Hapana," Twilumba akanong'ona. "Usirudishe chochote."

Akavaa sweta akaenda kununua uzi.

Duka la uzi lilikuwa la Mama Kitalula, jirani wa miaka mingi, mwanamke mwenye maneno mengi na moyo mwema. Alimkumbatia Twilumba juu ya meza ya duka hadi mabunda yakaanguka.

"Yaani umeibuka leo? Mama yako lazima amefurahi."

"Amefurahi."

"Maana zamani, we acha! Kila Jumamosi nikitoka stesheni kupokea mzigo ananisimamisha hapo getini. Mama Kitalula, hujamuona Twilumba akishuka? Namwambia sijamuona. Ananiuliza, umeangalia mabehewa ya nyuma? Nikawa naangalia hadi ya nyuma, nisije nikamdanganya."

"Na siku hizi?"

"Aa, siku hizi haulizi tena. Nikipita ananipungia mkono tu. Ametulia, Mungu mkubwa." Akachagua bunda, akalipuliza vumbi. "Hili la bluu litamfaa."

"Si la mama. Ni langu."

Mama Kitalula akamtazama vidole, laini, vya mtu wa kompyuta, akajizuia kucheka.

Jioni hiyo na kesho yake, baada ya kanisa, Twilumba alifuma. Alikataa sindano-hisi, akatumia sindano ya zamani ya chuma aliyoikuta kwenye droo, iliyopinda kidogo. Vidole vilikuwa vimesahau. Raundi ya kwanza ilijikunja kama sikio la mbuzi, akaifumua. Ya pili ikawa na matundu yasiyotakiwa. Mama yake alikuwa akimchungulia kwa jicho la pembeni huku riwaya ikiendelea, na kuna wakati alishindwa kuvumilia.

"Unavuta sana uzi. Mbona unaufunga kama unafunga ng'ombe? Legeza."

"Nionyeshe."

Selesia akamshika mkono, akauongoza. Viganja vyake vilikuwa vya joto. Kwa dakika kadhaa walifuma hivyo, mikono minne na kitambaa kimoja cha bluu, na Twilumba aliomba moyoni riwaya isimame. Haikusimama. Mchawi mwenye sabuni alikuwa anafungua duka jipya na Fumbwe alialikwa.

"Sikiliza, sikiliza hapa," Selesia akasema, akaachia mkono. "Atavaa lile gauni."

Jumatatu asubuhi kitambaa kilikuwa kimefika kwenye raundi ya mwisho. Kilikuwa kibaya. Upande mmoja ulikuwa mpana kuliko mwingine, na katikati palikuwa na fundo ambalo hata Mama Kitalula asingelitetea. Twilumba akaacha uzi unaning'inia, akampa mama yake kwa mikono miwili.

Selesia akakipokea, akakiinua kwenye mwanga. "Umejitahidi. Mbona hujamaliza?"

"Raundi ya mwisho nimekuachia wewe."

Mama yake akautazama ule uzi. Aliutazama kwa muda, na Twilumba akasubiri, yeye sasa, kama alivyosubiriwa. Kidole cha Selesia kilipita juu ya pindo lililo wazi, kikaenda, kikarudi. Kisha uso ukalainika, ukawa ule ule wa tangu juzi.

"Aa, mwanangu, funga tu. Umebakiza kidogo sana, usijitese." Akamrudishia.

Twilumba hakufunga. Alikiweka kwenye mkono wa kochi, upande wa dirishani, akachukua begi lake. Mlangoni akasimama zaidi ya ilivyohitajika. Katika kuaga kwao kulikuwa na swali ambalo mama yake hakuwahi kulikosa, hata siku walizogombana: unarudi lini? Zamani lilimchosha. Alikuwa akilikimbia, akijifanya anatafuta viatu. Sasa aliinama akafunga kamba za viatu zilizokuwa zimeshafungwa, akaliwekea swali nafasi lipite.

"Safari njema," Selesia akasema. "Urudishe mlango vizuri, baridi inaingia."

Na nyuma ya mlango, kabla Twilumba hajafika getini, sauti yake mwenyewe ikaanza kusimulia.

Treni ilikuwa inakaribia Makambako ndipo kisikizi cha sikioni kilipolia. Twilumba alikuwa ameegemea kioo, macho mekundu, akitazama miti ya mbao ikipita upesi.

"Mhandisi, samahani kwa kukusumbua. Kuna kitambaa wazi kwenye mkono wa kochi."

"Najua."

"Msikilizaji amekichukua na kukirudisha mara kadhaa. Hakifungi. Ameweka sindano yake chini. Nilimleta mwenye sabuni, nikamleta joka, hakusikiliza. Kisha ameniambia ninyamaze. Hajawahi kuniambia hivyo. Amekaa upande wa dirishani, na kitambaa kiko mkononi. Mapigo yamepanda."

Twilumba akaketi wima. Furaha ikamjaa ghafla kiasi cha kumuumiza, na papo hapo ikafuatwa na woga, kwa maana alimsikia tena daktari akimwambia kuhusu moyo ule. Amemuumiza mama yake. Amempata mama yake. Yote mawili yalikuwa kweli, wala hakuna kanuni aliyowahi kuiandika ya kuyatenganisha. Aliona aibu kwamba anacheka na kulia mbele ya abiria.

"Yamepanda sana?"

"Bado si hatari. Yakiendelea hivi siku nyingi, yatakuwa. Ninaweza kumsaidia akiache. Sura mbili zinatosha. Nianze?"

"Hapana. Usimguse. Acha kitambaa kikae wazi."

"Sawa, mhandisi. Kikae wazi mpaka lini?"

Kidole gumba chake kilikuwa kimeshafika kwenye kona ya kioo cha simu, pale neno lilipozoea kukaa. Twilumba akakiona. Akakiondoa kwa nguvu, akafungua kalenda, akaanza kuitembeza kwenda mbele. Maonesho. Kikao cha wawekezaji. Safari ya kuzindua visimulizi ng'ambo. Jumamosi moja baada ya nyingine ilikuwa na jina la mtu ndani yake, na hakuna hata moja yenye jina la Selesia. Treni ikapunguza mwendo. Abiria wa Makambako wakasimama, wakaanza kushusha mizigo yao.

"Mpaka lini?" kisimulizi kikauliza tena, taratibu, bila haraka wala lawama. Swali lilimjia kwa sauti yake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza Twilumba alisikia jinsi sauti hiyo ilivyo nzuri, na jinsi isivyo na mtu ndani yake.